Kilo ya Gunia

Goodness alikamulia maziwa yake kwenye kikombe cha plastiki, akayatazama kidogo, kisha akayamwaga bafuni. Ilikuwa siku ya kumi na tisa. Alifanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, kama mtu anayemeza dozi, kwa sababu aliamua kwamba siku watakayomrudishia mtoto, mtoto atakuta kitu kifuani.

"Yamepungua," alimwambia dada yake aliporudi jikoni.

"Yataachaje kupungua na wewe huli?" Tabita akasema. "Kaa. Kunywa uji."

Goodness akakaa. Uji hakuugusa. Nje, huku Chapwa, watoto wawili wa Tabita walikuwa wakigombania kiatu, na baba yao, Danford, hakuwapo. Alikuwa na lori lake kwenye foleni ng'ambo ya mpaka. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na tangu Goodness aletwe na begi lake, kila mtu ndani alizungumza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa.

"Lusajo amepiga?" Tabita akauliza.

"Amepiga jana. Anasema mama yake anasema Tumpe anaendelea vizuri."

"Na yeye mwenyewe anasema nini?"

"Yeye hasemi, dada. Yeye anasema mama anasema."

Mambo yenyewe yalikwenda haraka. Mwezi wa kwanza Tumpe, akiwa na miezi sita, alikuwa na kilo saba nukta mbili. Mwezi wa pili mama mkwe, Bibi Elizabeti, alikuja mjini kutoka Itumba kuwatembelea, akafuatana na mkamwana wake kliniki. Mtoto akapimwa. Sita nukta sita. Muuguzi akachora mstari unaoshuka kwenye kadi, akasema, "Mama, mtoto anaanguka huyu." Bibi Elizabeti aliibana kadi kwapani njia nzima. Walipofika nyumbani ndipo akasema, tena kwa mwanawe Lusajo, si kwa Goodness: "Mkeo amembemenda mtoto."

Kila mtu aliyemsikia alielewa. Mtoto wa kunyonya hanyauki bure. Ananyauka kwa sababu mama yake amekwenda kwa mwanamume mwingine, akarudi, akampa titi. Siku mbili baadaye mjomba Eliudi, kaka yake Bibi Elizabeti, alikuja na gari la kukodi. Lusajo alisimama nyuma yake, anatazama viatu vyake mwenyewe. Tumpe akafungwa mgongoni kwa bibi yake, akapelekwa Itumba akanyweshwe dawa za majani na uji. Goodness akaambiwa asikanyage huko mpaka aitwe.

Na Tabita? Siku ya tatu Tabita alifunga mlango wa chumba, akamuuliza mdogo wake waziwazi: "Niambie mimi. Kuna mtu?" Goodness akajibu, "Hata wewe." Tabita hakuuliza tena. Wala hakuomba msamaha.

"Kuna kitu sikielewi," Goodness alisema sasa, akiuzungusha uji kwa kijiko. "Ile suruali ya kupimia. Ile wanayomvalisha mtoto halafu wanamning'iniza. Mwezi wa kwanza ilimpwaya. Mwezi wa pili ilimbana mapajani mpaka muuguzi akaivuta kwa nguvu. Mtoto aliyepungua anabanwaje na suruali ile ile?"

Tabita alikuwa anapakua uji wa watoto. Upawa ukabaki hewani.

"Mizani gani walimpimia?"

"Ile mpya. Ile yenu ya kompyuta. Haina uso, namba inatokea kwenye kioo."

"Na mwezi wa kwanza?"

"Ile ya zamani yenye mshale."

Tabita akarudisha upawa kwenye sufuria. Akavua aproni, akachukua mkoba. "Wavalishe watoto waende shule," akasema, akiwa ameshafika mlangoni.

Ofisi ya Clever, mwajiri wa Tabita, ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vipuri. Tabita alikuwa kazini pale mwaka wa saba, na cheti chake cha stashahada kilining'inia ukutani juu kuliko hata picha ya mwenye ofisi. Kazi yao ilikuwa kutengeneza programu za watu wa hapa: maghala, mawakala wa forodha, maduka ya dawa. Hawakuandika kurasa za maagizo ya kompyuta. Kwenye chombo chao, upande mmoja wa kioo kulikuwa na rafu ya vipande na upande wa pili ubao mtupu. Unakivuta kipande, unakiangusha ubaoni, unakiunga na kingine kwa uzi. Kipande cha tarehe. Kipande cha kuchapa risiti. Kila kimoja kimefungwa kama sanduku: unaona tundu la kuingizia na tundu la kutolea, na yaliyomo ndani hayakuhusu. Ndiyo raha yake. Ukishakitengeneza kikafanya kazi, hukifungui tena, unamwekea huyu na yule.

Tabita alisifika kwa vipande. Alivitengeneza vizuri, akavitumia mpaka vikachakaa. Na Kipande cha Mizani ndicho kilichotembea kuliko vyote. Alikitengeneza miaka sita iliyopita kwa ajili ya ghala moja la mahindi huko Mpemba. Maelezo yake alikuwa ameyaandika mwenyewe: hupokea uzito, husubiri utulie, hutoa uzito. Mwaka huu Daktari Raphaeli, mwenye zahanati nne za binafsi, alipotaka programu ya kliniki ya watoto, Tabita alikivuta kipande kile kile kutoka kwenye rafu, akakiangusha ubaoni. Kazi ya wiki tatu ikaisha kwa siku nne. Clever alimnunulia soda.

Asubuhi hii alikibofya mara mbili, kikafunguka. Hakuwa ameingia humo tangu siku alipokifunga.

Kilikuwa na visanduku vitano ndani. Cha nne kilisema: toa moja.

Alikaa akikitazama. Kilo ya gunia. Kila ghala mjini linamkata mkulima kilo moja kwa kila gunia, ati ni uzito wa gunia lenyewe na mchanga na unyevu. Gunia tupu halifiki hata robo kilo, na kila mtu anajua. Mkulima anajua, mnunuzi anajua, wapagazi wanajua. Mwenye ghala alipomwambia, "Na ile kilo usisahau," Tabita aliiweka bila kuuliza, na kwenye maelezo hakuitaja. Ilikuwa desturi. Nani anaandika desturi?

Lakini alikijaribu! Alikumbuka vizuri. Siku ya kufunga mizani zahanati alileta kiroba cha maharage kutoka ghalani, kimeandikwa ishirini kwa kalamu nene. Alikining'iniza, kioo kikaonyesha ishirini, wauguzi wakapiga makofi. Sasa ndipo alipoona. Kiroba kile kilikuwa kimepimwa na kipande kile kile. Kilikuwa na kilo ishirini na moja tangu mwanzo.

Na watoto waliposhuka mwezi wa pili, wauguzi walijua la kusema. Walisema ni njaa ya kabla ya mavuno. Walisema mizani ya zamani ilikuwa inawapendelea.

Clever aliingia na funguo mkononi. Alikuwa kijana wa maneno laini, mwenye viatu visivyojua tope. Tabita alimweleza kwa dakika mbili. Alisikiliza amesimama.

"Dada Tabita, hicho kisanduku ni kimoja?"

"Kimoja."

"Kifute. Tutume kipande kipya zahanati zote nne, yameisha."

"Halafu tuwaambie."

"Tuwaambie nini? Mwezi huu kila mtoto ataongezeka kilo. Umewahi kuona mama analalamika mtoto kuongezeka?"

"Watoto mia tisa na kitu wamepimwa na hii, Clever."

"Na hakuna aliyekufa. Wengine wamepewa chakula cha lishe, wamekula. Kuna ubaya?"

"Mdogo wangu amenyang'anywa mtoto."

Clever akakaa. Alimfahamu Goodness, alikula pilau kwenye harusi yake. "Pole sana, dada. Kweli pole. Lakini hiyo ni mila ya wakwe zake, si mizani. Ukianza kusema kuna kilo imefichwa, na wenye maghala watauliza kipi kingine kimefichwa. Hapa tuko watu sita tunakula."

"Usitume kitu. Naongea na Daktari Raphaeli kwanza."

Alitoka nje kwenye ngazi, kwa sababu ndani mtandao ulikuwa unakatika. Simu ya daktari iliita mara nne bila kupokelewa. Akaandika ujumbe, akaufuta, akauandika upya, hakuutuma, na saa nzima ikapita. Aliporudi ndani, Clever alikuwa amekaa kwenye kiti chake yeye, Tabita.

"Nilituma ulipotoka tu," akasema. "Zote nne. Imetoka safi."

Tabita aliitazama tarehe kwenye kioo. Alikuwa anafikiria siku ya leo. Alhamisi. Alhamisi ni kliniki ya zahanati ya Isongole, na Isongole ndiko watu wa Itumba wanakoshuka. Kama leo wangempima Tumpe, kipande kingempa kilo nzima ambayo mwezi uliopita kilimnyang'anya. Karatasi ingesema: tangu atoke kwa mama yake, mtoto amenenepa.

Akampigia Lusajo. Lusajo alipokea kabla haijaita mara mbili.

"Shemeji! Nilikuwa nataka kukupigia. Mama amempeleka leo kliniki, ametoka sasa hivi, ameniambia nisubiri picha ya kadi. Sita nukta nane! Ameongezeka gramu mia mbili tangu atoke..."

"Tangu atoke wapi, Lusajo? Malizia."

"Shemeji, usinielewe vibaya. Mimi nampenda Goodness. Lakini kadi si imesema? Jumapili kuna kikao. Mjomba anasema baada ya hapo mtoto abaki kwa bibi moja kwa moja, na Goodness... waongee na wazazi wenu."

"Umemwona mtoto kwa macho yako?"

"Mama anasema..."

Tabita alikata. Akachukua karatasi ya risiti ya ghala iliyokuwa mezani, akaandika nyuma yake. Mwezi wa pili, sita nukta sita, ongeza moja: saba nukta sita. Leo: sita nukta nane. Akatoa. Mkono wake ulikuwa imara, maana alizoea kutoa. Gramu mia nane kwa siku kumi na tisa. Mtoto wa miezi saba alikuwa anateremka kama jiwe, na karatasi inasema anapanda, na kwa sababu karatasi inasema anapanda, hakuna mtu atakayempeleka hospitali.

Alichukua mkoba.

"Dada, unaenda wapi?" Clever akauliza.

"Kukiondoa nilichokiweka."

"Ukimwambia daktari, Jumatatu usije."

"Kaa hapo hapo," Tabita alisema. "Kiti kimekupendeza."

Goodness alikuwa anafua. Tabita alisimama mbele ya beseni, akasema yote amesimama, bila kuzunguka, kwa sababu hakujua namna nyingine. Mtoto hakupungua. Mizani ilimkata kilo. Mizani ni yangu. Leo imerekebishwa na sasa inasema amenenepa kwa bibi yake. Ukweli ni kwamba amekonda sana, sasa hivi, tunapoongea.

Povu lilikuwa linapasuka kwenye mikono ya Goodness. Hakulia.

"Ulijua lini?"

"Leo asubuhi. Uliposema suruali."

"Siku kumi na tisa nalala kwenye godoro lako," Goodness akasema polepole. "Unanipa uji. Unaniuliza kama kuna mtu."

"Ndiyo."

"Na mimi nilianza kujiuliza, dada. Usiniangalie hivyo. Nilianza kuhesabu nani nilimsalimia, nani alinishika mkono sokoni. Nilifika mahali nikasema labda nimefanya na sijui."

Tabita akainama. Akaliinua beseni, akalimwaga, akasema, "Vaa viatu. Chukua na kile kikombe."

Walifika Itumba saa nane mchana. Goodness alibaki barabarani, chini ya nguzo ya umeme, kwa sababu aliambiwa asikanyage na hakuwa ameitwa. Tabita aliteremka peke yake kwenye kijia mpaka uani kwa Bibi Elizabeti.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Mjomba Eliudi alikuwa kwenye kiti, kofia gotini.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, Mama Damiano," bibi alijibu bila kuinua uso. "Umekuja peke yako?"

"Goodness yuko barabarani."

"Abaki huko huko."

Ndipo Tabita alipomwona Tumpe. Alikuwa amelazwa kwenye kanga nyuma ya mgongo wa bibi, amevalishwa sweta mbili na kofia. Uso ulikuwa mdogo na macho makubwa. Yalimfuata Tabita, lakini kichwa hakikugeuka.

"Anaharisha?"

"Dawa inamsafisha," akasema mjomba Eliudi. "Inatoa uchafu wa mama yake."

"Tangu lini?"

"Mama Damiano," Bibi Elizabeti akasema, na sasa aliinua uso, "wewe si ndiye fundi wa hizo kompyuta? Harusini tuliambiwa mpaka tukachoka. Basi kompyuta yako iliposema mtoto anakauka kwa mama yake, mlikaa kimya. Leo imesema ananenepa kwangu, mmepanda gari." Akavuta kadi kutoka kwenye kanga ya kiunoni, akaitupa mkekani. "Soma. Si umesoma? Soma."

"Nimeshasoma. Ni uongo, mama. Ya leo ni kweli, ya mwezi wa pili ni uongo."

"Ohoo!" Mjomba akacheka. "Inadanganya kwa zamu!"

Tabita akapiga magoti pembeni ya mkeka. Hakupenda kupiga magoti. "Mama, mwaka jana uliuza mahindi ghalani Mpemba."

"Niliuza. Gunia kumi na nne."

"Ulipima nyumbani kabla ya kupakia?"

"Unanionaje? Nilipima moja moja kwa mizani yangu ya ndoano."

"Ghalani yakatoka sawa?"

Bibi akatupa harage bovu. "Kila gunia lilikatwa kilo. Kilo ya gunia. Kumi na nne zimekwenda na maji. Wezi wale, nawajua kwa majina."

"Ile kilo niliiweka mimi."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya ungo.

"Mwenye ghala aliniambia, nikaiweka ndani ya mashine inayopima. Mashine ile ile, mama, ndiyo niliyoichukua nikaipeleka zahanati kupima watoto. Sikuifungua kutazama ndani. Nilikuwa na haraka. Mwezi wa pili ilimkata Tumpe kilo ya gunia. Iliwakata watoto wote. Leo asubuhi imeondolewa, na hakuna aliyewaambia."

"Mtoto ana gunia gani?" mjomba akasema, bado na kicheko mdomoni. "Dada, unamsikia huyu?"

Bibi Elizabeti hakucheka. Miaka thelathini aliuza mahindi na maharage kwenye mpaka huu na ule, hakuhitaji karatasi. Midomo yake ilicheza kidogo.

"Mwezi wa pili alikuwa na saba na sita," akasema.

"Ndiyo."

"Alikuwa amepanda."

"Alikuwa amepanda, mama. Maziwa ya mama yake yalikuwa yanamkubali."

"Na leo sita na nane ni yeye mwenyewe. Bila kukatwa."

"Na sweta zote mbili."

Kuku alikanyaga maharage na hakuna aliyemfukuza. Bibi aligeuka, akamvua Tumpe sweta la kwanza, kisha la pili, mbele yao wote. Mbavu zilihesabika.

"Niliziona," akasema. Hakuwa anaongea na Tabita. "Tangu Jumapili niliziona. Nani alisema sikuziona? Leo nilimpeleka kliniki kwa sababu nilikuwa nimeshaogopa. Nilitaka wanipe barua ya hospitali. Yule muuguzi akasema, bibi hongera, ameongezeka, rudi nyumbani uendelee hivyo hivyo. Nikarudi." Akavuta pumzi. "Nikapita njia ya sokoni nikamnunulia kofia."

"Dada," Eliudi akasema, safari hii taratibu, "watu wa Jumapili wameshaambiwa. Mchungaji ameshaambiwa. Huwezi kusimama ukasema..."

"Kakae wewe na hicho kikao chako!" Bibi akasimama, maharage yakamwagika kutoka mapajani. "Mwite mama yake! Unasubiri nini? Mwite!"

Haikuhitajika. Goodness alikuwa ameshaona kutoka juu sweta zinavuliwa. Aliingia uani mbio, bila kuitwa, bila shikamoo, akapitiliza kila mtu, akapiga magoti akamchukua mtoto na kufungua blauzi pale pale mbele ya mjomba. Tumpe alipeleka mdomo, akalishika titi, akavuta mara mbili. Kisha akaliachia. Macho yalibaki wazi.

"Hana nguvu ya kuvuta," Goodness akasema. Ilikuwa sauti ambayo Tabita hakuwahi kuisikia. "Dada, hana nguvu ya kuvuta."

Hospitali haikuwa mbali. Bibi Elizabeti ndiye aliyetangulia njia nzima, miguu peku, kandambili mkononi.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka. Aliuliza maswali huku anamvua mtoto, akabana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ngozi ikabaki imesimama. Hapo haraka yake iliongezeka. Mizani ya pale ilikuwa ya zamani, yenye mshale. Alimlaza Tumpe uchi kwenye beseni lake, mshale ukacheza, ukatulia.

"Sita nukta sita," akasema, akaandika.

Namba ile ile. Ile ya uongo ilikuwa imengoja siku kumi na tisa mpaka mtoto akaifikia.

"Mmetoa ya gunia?" Bibi Elizabeti akauliza.

Muuguzi akageuka. "Nini, bibi?"

"Nauliza hapo mmeshatoa kilo ya gunia?"

"Sijakuelewa, bibi yangu. Hapa ni mtoto peke yake."

Bibi akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyejibiwa bei na kuikubali. Kisha akakaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwani.

Wakamchoma sindano mguuni, maana mishipa ya mkono haikuonekana. Wakampitishia mpira mwembamba puani. "Nani mama?" daktari akauliza. "Wewe? Maziwa yapo bado, au alishaachishwa?"

"Yapo," Goodness akasema. "Nilikuwa nayakamua."

"Ulikuwa unayakamua siku zote hizo?"

"Siku zote."

Daktari alimtazama. "Kamua sasa. Chochote kitakachotoka."

Kikombe cha plastiki kikatolewa kwenye mfuko. Goodness aligeukia ukuta, lakini kikombe kikagonga kitanda, tone likamwagika. Ndipo Bibi Elizabeti alipoinuka sakafuni, akaja, akakishika kikombe kwa mikono miwili chini ya titi la mkamwana wake. Hakuna aliyesema samahani. Maziwa yalitoka kidogo kidogo, na wanawake wawili waliyatazama bila kupepesa.

"Atapona?" Tabita alimuuliza daktari mlangoni.

"Sijui bado, dada. Mngekuja juzi ningekujibu vizuri zaidi."

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya saruji. Simu ilikuwa na ujumbe mmoja wa Clever: *Daktari Raphaeli amepiga ofisini, nimemwambia ulikosea namba. Tulia.* Lusajo alikuwa amepiga mara saba. Hakumpigia. Alitafuta namba ya muuguzi wa zahanati ya mbali kuliko zote, ya Mbangala, akabonyeza.

"Haloo, Grace? Naitwa Tabita Mbonile. Mimi ndiye niliyefunga ile mizani ya kompyuta hapo kwenu. Chukua kalamu. Kila mtoto mliyempima kwa mizani hiyo kuanzia ilipofungwa mpaka jana ana kilo moja zaidi ya mlivyoandika. Kila mmoja. Kosa ni langu."

Upande wa pili mtoto alilia mahali fulani nyuma ya Grace.

"Dada, ngoja," Grace akasema. "Unaniambia leo?"

"Leo."

"Kuna mke wa Nkwabi, yule mfugaji wa bondeni. Mumewe alisoma kadi, akamrudisha kwao. Mtoto akabaki. Na yule mwingine, wa..." Akafunga mlango. "Hii ni mizani kweli, dada? Sisi tuliwasema vibaya wale wanawake. Tuliwasema mbele ya watu."

Tabita akageuza ile risiti ya ghala gotini, pale penye hesabu ya asubuhi, akapata nafasi pembeni. Akaandika: mke wa Nkwabi.

"Mwingine," akasema. "Taja mwingine."